Fremu ndogo, duka la urembo lililochangamka: namna ya kulipanga ndani

Nianze na ugomvi kabisa. Ule ukuta wa majani ya plastiki wenye maneno ya neoni ya pinki haufanyi duka lichangamke. Uko kila mahali hapa Dar, Sinza upo, Mbagala upo, saluni wanao, wauza keki wanao, na baada ya muda unajaa vumbi ambalo hakuna mwenye moyo wa kulifuta jani moja moja. Halafu mwangalie mteja anachofanya mbele yake, anapiga selfi anaondoka. Duka la hereni, bangili, vibanio, miwani, mikoba na mitandio linachangamka pale mteja anapopata cha kufanya kwa mikono yake, azungushe, avute droo, ajaribu, ajione kwenye kioo, acheke na shosti wake, akija kushtuka keshashika vitu vitatu. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye taa na vitu vya kushika, rangi zitafuata, mapambo ndo mwisho kabisa na hela ikiisha kabla ya kufika huko wala usilie.

Chukulia una fremu ya mita 3 kwa 4, mlango wa alumini na vioo mbele, kuta tatu tupu, na dari la jipsamu kama una bahati. Kabla hujaita fundi nunua ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, chora kaunta na shelfu zote pale chini sakafuni kwa saizi yake halisi, halafu muingie watu wawili mkiwa na mikoba begani mzunguke kama wateja. Mtagundua mambo hapo ambayo kwenye karatasi hayaonekani. Hesabu yenyewe iko hivi: upana wako ni sentimita 300, shelfu za kulia zichukue 30, za kushoto 30, meza ya katikati 60, inabaki 90 kila upande na hiyo 90 usiiguse, chini ya hapo mtu akiinama kuangalia kitu mwenzake hapiti. Kama bidhaa zako nyingi ni hereni na vibanio basi shelfu za ukutani hata 15 zinatosha, na hapo unapata nafasi ya kupumua.

Lingine la mwanzoni, fremu sio yako. Umelipa kodi ya miezi sita au mwaka, mwenye nyumba akiona duka limependeza anaweza kukupandishia au kumpa mwingine, ndo maisha. Sasa usijengee vitu ukutani kama unajenga kwako. Shelfu ziwe za kusimama au za kuning'inia kwenye reli zenye skrubu chache, meza iwe na magurudumu, kioo kisigundishwe, yaani siku ya kuhama duka lote lipande kwenye kirikuu na wewe ukakae mbele na dereva.

Taa kabla ya rangi

Watu wengi wanaanza na rangi ya ukuta halafu taa wanamwachia fundi umeme, na fundi umeme anakuletea zile nyeupe kali za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo mwanga wa njano, namba kubwa mweupe) kwa sababu ndo zimejaa madukani. Ile taa ni nzuri kwa duka la vipuri vya pikipiki. Kwenye urembo wa rangi ya dhahabu inaufanya uonekane umepauka, ngozi ya mteja nayo inaonekana kama anaumwa, na mtu akijiona anaumwa kwenye kioo chako hanunui hereni. Angalia kwenye boksi la taa, chukua kelvini 3000 kwa urembo wa dhahabu na mikoba ya kahawia, au 4000 kama unauza zaidi silva na vitu vya rangirangi. Halafu kuna kipimo kingine kinaandikwa Ra au CRI, kinaonyesha taa inatoa rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani, nyingi za kawaida ni 80, wewe tafuta 90. Muuzaji akikuambia zote sawa tu dada, mwambie aziwashe mbili, shika mtandio mwekundu chini ya kila moja, utaona mwenyewe.

Taa moja kubwa katikati ya dari haitoshi, inamulika utosi wa mteja na kumtia kivuli chini ya macho. Weka zile ndogo za kwenye reli, kila moja unaigeuza kichwa unapotaka. Reli ikae kama sentimita 80 kutoka ukutani kwa dari la kawaida la karibu mita 2.8, hapo mwanga unaangukia bidhaa kwa mshazari na mtu akisimama mbele hatii kivuli chake kwenye vitu. Kuhusu umeme wa LUKU usiogope. Taa nane za wati 7 ni wati 56, ukiziwasha kwa muda wa masaa kumi na moja kila siku ni kama unit 0.6 kwa siku. Anayekula umeme ni AC, ya BTU 12,000 inavuta karibu kilowati nzima pale kompresa ikiwa inazunguka, kwa hiyo kama ni kubana bana huko, taa ziache. Na ununue taa mbili tatu za kuchaji za kuweka sehemu muhimu, umeme ukikatika saa moja jioni ndo muda watu wanatoka kazini.

Urefu wa macho, na vitu vinavyopotea

Hereni ina sentimita tatu. Ukiiweka peke yake kwenye ukuta wa mita tatu haipo, hata uipende vipi. Vitu vidogo vinaonekana vikiwa kundi, kwa hiyo panga hereni za rangi moja pamoja ziwe bonge la doa moja la kijani, kando yake doa la chungwa, kando jeusi, na mtu akiwa nje barabarani anaona rangi kwanza, akisogea ndo anaona hereni. Mikoba mi siipangi kwa rangi, naipanga kwa saizi, maana anayetafuta mkoba wa kazini hataki kuchambua vipochi vya harusi.

Sehemu inayouza ni kati ya sentimita 120 na 160 kutoka chini, hapo ndo macho na mikono ya wadada wengi ilipo. Hereni, mikufu na miwani zikae hapo. Juu ya 180 weka mikoba mikubwa inayoonekana kwa mbali, usiweke kitu ambacho mteja atalazimika kukuita umshushie kila saa, wengine wanaona aibu kuita na wanatoka kimya kimya. Chini ya 90 ni eneo la watoto, na usilidharau, mtoto akishika kibanio cha kipepeo mama yake ana kazi ya kumbembeleza akiache, mara nyingi anashindwa.

Sasa vitu vya kushika

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Zile stendi za kuzunguka za hereni ziko sokoni na zinafanya kazi, nunua moja au mbili, ila duka zima likiwa la stendi za plastiki linafanana na la jirani na la jirani yake. Angalia vitu tulivyonavyo tayari. Bao, lile la kiswahili lenye mistari minne ya vishimo vinane, lina vishimo 32, na kila kishimo kinakaa jozi moja ya hereni za vipini au pete kana kwamba lilichongwa kwa kazi hiyo. Lipate kwa wachonga vinyago pale Mwenge, liweke meza ya katikati, na utaona watu wanachezesha pete wanazihamisha shimo hili mpaka lile, wanaume wanaowasubiri wake zao nao wanapata shughuli. Ungo nao: hereni za ndoano zinapenya kwenye msuko bila kutoboa chochote, nyungo tano za saizi tofauti ukutani na una ukuta wa hereni unaouteremsha na kuupandisha ndani ya dakika. Kawa za ukindu zigeuze vivuli vya taa juu ya kaunta, zinatoa mwanga wa vidoadoa mzuri sana, ila ziwekee balbu ya LED peke yake, balbu za moto za zamani hapana.

Lakini kuwe na kiasi. Bao moja, nyungo chache, kawa mbili, basi. Ukiongeza ngalawa na vinyago vya Wamasai umeshafungua duka la watalii na mdada wa Tabata ataona sio lake.

Droo nazipenda mno. Mwambie fundi seremala wa Keko akutengenezee kabati la chini lenye droo nyingi ndogo, kila moja iwe na mshikio tofauti, mmoja wa mbao, mwingine shanga kubwa, mwingine kifungo cha koti. Mshikio uliotofautiana na wenzake unamvuta mtu afungue aone kuna nini. Ndani weka vitu vya bei ndogo vya kuchezea, vibanio, skranchi, pini za nguo, na droo moja iache na kitu cha kuchekesha tu, kioo kidogo chenye neno la utani limeandikwa chini yake kama maandishi ya kanga. Bangili zivishe kwenye mabomba yaliyolazwa yaliyofungwa kitambaa, bangili zikisukumwa zinagongana zinalia, na ile sauti peke yake inaita mtu mwingine aje. Mikono ya mbao na vichwa vya kuvalishia mawigi ni vizuri kwa hedibendi na miwani, na hapo unaweza kufanya vituko unavyotaka, kichwa kimoja kivae miwani mitatu, mkono mmoja utokee ukutani umeshika mkoba.

Suala la usafi wakati wa kujaribu hereni usilikwepe. Weka pamba na spiriti pale pale mezani mahali panapoonekana, na kwenye kila aina iwepo jozi moja ya kujaribia, zingine zibaki kwenye kadi zake. Mteja akikuona unafuta jozi kabla ya kumpa anakuamini.

Na kona ya pazia, hii maduka mengi yanasahau kabisa. Wateja wako wengi wanavaa hijabu, watataka kujaribu hereni na mitandio na hawawezi kuvua katikati ya duka wakati mume wa mtu kakaa pale mlangoni. Huhitaji chumba, kona ya sentimita 90 kwa 90, fimbo ya pazia, kitambaa kizito, kioo, taa na ndoano ya kuwekea mkoba. Pazia lifike chini kabisa na lisionyeshe. Wengine wataitumia kujaribia vitu ambavyo wanaona aibu kujaribu mbele za watu, miwani mikubwa ya nyota kwa mfano, na wanatoka nayo.

Vioo

Kioo kimoja kirefu hakitoshi duka la urembo. Weka kirefu kimoja cha mikoba, angalau sentimita 120 urefu wake, na vidogo vya usoni karibu na kila sehemu yenye hereni na miwani, mtu asitembee hatua nne kujiona, akitembea anakiweka chini alichoshika. Kioo cha ukutani chukua milimita 5, cha milimita 3 kikiwa kikubwa kinapinda na kumfanya mtu aonekane mnene au kalegea kama yuko kwenye kijiko. Taa zimulike uso kutoka pembeni mbili, sio juu.

Mtaona mtandaoni kioo cha fremu ya mawimbi kinachowaka pinki, asili yake ni Ultrafragola ya Mwitaliano Ettore Sottsass, aliibuni mwaka 1970 na mpaka leo kila anayepiga picha ya kioo anaitaka. Ya kwake hutaiweza bei, wala sikushauri ununue kopi mbovu. Wazo la fremu ya mawimbi lenyewe fundi wa Keko analifanya kwa plaiwudi na jigso, achonge umbo lolote, hata sio mawimbi, lifanye bangili, lifanye jani la mgomba, ulipake rangi ya mafuta na nyuma upitishe stripu ya LED.

Rangi

Kuna kanuni inasemwa sana, 60-30-10, yaani asilimia 60 rangi tulivu, 30 rangi ya pili, 10 rangi ya kushtua. Kwa duka la urembo mi ningeibana zaidi kwa sababu bidhaa zenyewe ni rangi tayari. Kuta nyingi ziwe krimu au nyeupe yenye joto kidogo, ukuta wa nyuma unaoonekana kutoka mlangoni upake rangi nzito, kijani cha mwembe au samawati ya usiku au hata udongo mwekundu, maana dhahabu inawaka juu ya rangi nzito na inapotea juu ya njano na krimu. Silva juu ya kijivu usijaribu. Chumba kizima pinki nakataa kwa sababu moja ya kifundi: rangi ya ukuta inarudi usoni mwa mteja, atajiona wa pinki kwenye kioo, akitoka nje kwenye jua anakuta mtandio sio rangi aliyonunua. Sasa pinki yako iweke kwenye dari ukitaka, au ndani ya shelfu, au miguu ya meza, sehemu zisizokaa karibu na kioo.

Kuta ziskimiwe vizuri kabla ya rangi, taa za mshazari nilizosema zinaonyesha kila kibonde. Na uchague rangi inayofutika, walau chini ya mita moja na nusu, mikono yenye mafuta ya nywele ni mingi.

Kaunta

Kaunta ikae ndani pembeni, ukikaa unatazama mlango. Urefu 90 hadi 100, na kipande kimoja ukishushe mpaka 75 cha kufungia mizigo na kwa anayekuja na kiti cha magurudumu. Vitu vya bei kubwa na vidogo vya kuibika kirahisi viwe ndani ya kioo hapo hapo. Kioo kirefu kiweke upande ambao ukiwa kaunta unaona kona usiyoifikia kwa macho, huo ndo ulinzi usiomkera mtu.

Uso wa kaunta, ule unaotazamana na mteja, ndo sehemu moja ambayo ningemwaga hela ya mapambo yote. Wachoraji wa Tingatinga wako Msasani, sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 hapa hapa Dar, yeye mwenyewe alifariki 1972 lakini wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wanaendelea. Kilichonifanya niwataje ni malighafi, walianza kwa rangi za mafuta zinazong'aa za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, yaani ni kitu kinachofutwa na kitambaa chenye maji na kinaishi na mateke ya wateja. Ongea na mchoraji akuchoree twiga kavaa hereni za mviringo, chui na miwani ya jua, kanga ndege na mkoba. Mpe vipimo, mpe picha za bidhaa zako, kubaliana bei mapema na usimwambie ni tangazo la bure kwake, mlipe. Watoto watakaa chini kuhesabu wanyama na mama zao watapata muda wa kuchagua.

Joto, unyevu na deki

Pwani ina hewa yenye chumvi na unyevu, urembo wa shaba uliopakwa dhahabu unageuka kijani, mikoba ya ngozi ya bandia inamenyeka magamba hata kama haijawahi kubebwa. Usijaze shelfu stoo yote, toa kidogo, nyingine ikae kwenye maboksi yanayofunga yenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kama kioo chako cha mbele kinatazama magharibi, jua la alasiri litapausha mitandio ndani ya wiki chache, weka filamu kwenye kioo au panga pale vitu visivyopauka, na vibadilishe mara kwa mara.

MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa, inapendeza ikipakwa rangi ila ikinywa maji inavimba kama andazi, na sisi tunadeki kwa maji mengi. Kila kabati liwe na miguu ya chuma au plastiki ya sentimita 10. Waya wa ekstensheni usipite chini ya vitambaa, mtungi wa kuzimia moto uwepo na uwe mahali unapoufikia bila kusogeza kitu.

Bei na picha

Weka bei. Jamani weka bei kwenye kila kitu, mambo ya njoo inboksi yabaki huko huko, mteja aliyetembea kwa miguu yake mpaka dukani asiulize. Kama unaona vibandiko vinachafua, tumia vidoti vya rangi, kila rangi bei yake, na kibao kimoja kikubwa kinachoeleza. Meza ya katikati karibu na mlango iwe ya vitu vya bei ndogo inayofanana, mtu anayeogopa kuingia anaanzia hapo.

Na kwa kuwa mauzo mengine yatatoka kwenye simu, tenga kipande cha ukuta mita moja tu, karibu na mwanga wa mlangoni, ambacho hakina bidhaa, cha kupigia picha mzigo mpya na mteja akitaka naye apige. Chini yake kaa na meza ya kufungia oda za bodaboda, mifuko, tepu, kalamu, visikae kaunta vikachanganyika na pesa. Bango la nje lina ada zake, uliza halmashauri kabla hujalitengeneza, na ukishaliweka vuka barabara jioni taa zikiwa zimewashwa uangalie kutoka ng'ambo. Kama kitu cha kwanza unachokiona ni kaunta na kichwa chako umeinamia simu, zungusha taa mbili zielekee ule ukuta wa nyuma wenye rangi nzito, na ule mzigo wako mzuri kuliko yote uning'inize hapo.